Shukrani kwa Askari Wetu

Wahenga walituusia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Taifa nalo lina mabaharia wake, nao ni wale walioshika silaha na wale waliowabebea mizigo. Makala haya yanaeleza jinsi watu hao walivyoshukuriwa katika nchi yetu kwa nyakati mbalimbali, ili tupate kupambanua shukrani yenye uzito na shukrani ya jina tu.

Tuanze na Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Wajerumani na Waingereza walipigana katika ardhi yetu kwa ugomvi usiotuhusu. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua farasi na nyumbu, hivyo chakula na risasi vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Shukrani yao ilikuwaje? Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi, lakini anayeonekana juu ni askari peke yake na bunduki yake. Kumbukumbu ya mpagazi imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi mahali hapo. Maelfu hununua na kuuza Kariakoo kila siku bila kujua kuwa wanataja jina la watu waliokufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kuwa watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100 kufika, na wenyewe hawakuwapo kuipokea.

Sasa tuitazame vita iliyokuwa yetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua, yakapora na kuvunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kuwa sababu ya kumpiga mvamizi tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, wananchi waliitika kwa vitendo. Wafugaji walitoa ng'ombe, wakulima wakatoa nafaka, wafanyakazi wakachanga fedha, na wanamgambo wakaweka jembe chini wakachukua bunduki. Lazima tuseme kweli kwamba si kila mchango ulikuwa wa hiari, kwani yapo malori yaliyotwaliwa kwa amri. Hata hivyo, yaliyotolewa kwa moyo yalikuwa mengi, nayo yalimfikia askari angali hai, katika sufuria yake na katika gari lililompeleka mbele. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, mkulima aliyetoa gunia lake alikuwa na haki ya kusema kuwa naye alifika.

Tangu hapo taifa limejiwekea desturi njema. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa penye mnara silaha za jadi: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, pamoja na shoka. Utamaduni wetu umepata hapo lugha yake wenyewe ya kushukuru, kwa vifaa ambavyo mababu walilindia maboma na mifugo yao. Lakini sherehe ni ya asubuhi moja, na mwaka una siku nyingi.

Wanamgambo wengi waliovaa sare kwa ajili ya vita hiyo walirudi kwenye jembe walilokuwa wameliacha. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 leo amepita 65. Yumo kijijini, jirani na shule, na pengine wanafunzi wanaompita njiani humwona kuwa ni mzee kama wazee wengine. Wenzake wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Na waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, Mtwara.

Kazi ya kujitolea iliyo mbele ya vijana ni nyepesi na haihitaji bajeti. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi wake wakampalilie mzee huyo shamba, wakamtekee maji, wakamwezekee mjane wa askari paa linalovuja. Wakimaliza, waketi wamsikilize, na mmoja wao awe na daftari: jina lake, kikosi chake, alikopita, na majina ya wenzake ambao hawakurudi. Daftari hilo litunzwe shuleni.

Mpagazi wa 1917 hakupata mtu wa kumwandika jina, naye amepotea moja kwa moja. Askari wa Kagera angali akikumbuka majina ya wenzake, na anayeweza kuyaandika amekaa darasani. Asante ya punda ni mateke. Ya mwanadamu na iwe jembe begani na kalamu mkononi, mzee angali anatusikia.