Mkomani na Mikoko ya Lamu

Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu. Upande wa kusini ni Langoni. Nyumba kubwa za mawe za Mkomani, nyingi za karne ya 18, zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita tatu hivi au pungufu. Uhaba wa ardhi siyo sababu. Dari hubebwa na boriti za mikoko zinazotoka ukuta hadi ukuta, na juu yake hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe na kumwagwa chokaa. Uzito huo ni mwingi, na boriti ikirefushwa hupinda. Hata tajiri aliyeagiza sahani za Uchina ilibidi apime chumba chake kwa mti wa matopeni. Alichoweza ni kuzichonga boriti pande nne na kuzipaka rangi.

Msitu zinakotoka boriti hizo umezunguka visiwa vya Manda na Pate na hori za bara hadi Kiunga. Kaunti ya Lamu ina takriban hekta 37,000 za mikoko, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mkoko na mkandaa hutoa nguzo za kujengea, mlilana hutoa mataruma ya vyombo, mkomafi hutoa mbao. Wakataji huingia msituni na mashua, hukata maji yakiwa yamekupwa, kisha husubiri yajae ili watoke na mzigo. Nguzo huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa.

Soko kubwa lilikuwa ng'ambo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kutosha, yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yamesheheni boriti. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, lakini biashara iliendelea hadi 1982, usafirishaji nje ulipopigwa marufuku. Amri ya Februari 2018 ya kusimamisha ukataji katika misitu ya umma iliwaumiza zaidi wakataji, ambao hawakuwa na kazi nyingine ya kushika.

Ujenzi wa bandari mpya ya Kililana nao ulihusisha kukata mikoko na kuchimba njia ya meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi huo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Mgeni anayetaka kuiona mikoko kwa karibu hupanda boti kwenye gati la mji kwenda Takwa, magofu ya mji kwenye kisiwa cha Manda uliohamwa karne ya 17. Boti hupenya kijito chembamba chenye mikoko pande zote mbili, na manahodha hupanga safari kwa kufuata maji: yakikupwa kijito hakipitiki, na aliyechelewa magofuni hungoja hadi yajae tena.