Kielelezo

Mwanafunzi wa sarufi hulijua neno "kielelezo" kwa maana ya mfano au mchoro, lakini katika mahakama za Tanzania ni kitu au hati iliyopokelewa rasmi na kupewa alama, kama vile "Kielelezo P1" kilichotolewa na mdai. Tofauti hiyo humtatiza mfasiri anapofikia Kanuni ya 803(18) ya Kanuni za Ushahidi za Shirikisho la Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 1975. Katika kesi ya madai ya majeraha, maandishi ya kitabu au jarida la tiba lililothibitishwa kuwa la kuaminika huweza kusomwa mbele ya juri, yaani jopo la wananchi wanaoamua ukweli wa mambo, mradi daktari aliye kizimbani ameyategemea au ameulizwa juu yake. Hata hivyo kitabu chenyewe hakipokelewi kuwa kielelezo, hivyo wakili akishausoma ukurasa hukirudisha mezani pake, na wanajopo hawaingii nacho faraghani, wasije wakakifasiri wenyewe bila mtaalamu. Kuandika kwamba kitabu "kimepokelewa kama kielelezo" ni kosa, na si dogo. Kilichoingia katika ushahidi ni maneno yaliyosomwa.