Kicheko cha Ukumbi Mzima: Watazamaji wa Vodevili na Hukumu Zao



Juma hili napenda tutazame historia ya burudani ambayo leo imekwisha kutoweka, lakini ambayo kwa takriban miaka hamsini iliwakusanya watu wa mijini nchini Marekani kuliko karibu burudani nyingine yoyote ya jukwaani. Iliitwa vodevili. Tangu miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtu aliyelipa kiingilio aliwaona katika kikao kimoja waimbaji, wanasarakasi, wachekeshaji, wafanya mazingaombwe na hata mbwa waliofundishwa kucheza. Kila kikundi kilipewa dakika chache tu. Hapakuwa na hadithi moja ya kuviunganisha vipande hivyo. Aliyeviunganisha ni mtazamaji, kwa kuwa ndiye aliyeamua nani arudishwe jukwaani kwa makofi na nani afukuzwe kwa kuzomewa. Huyo mtazamaji ndiye ninayetaka tumchunguze.

Kabla ya vodevili, maonyesho ya namna hiyo yalifanyika katika kumbi zilizouza pombe, na wasikilizaji karibu wote walikuwa wanaume. Walivuta tumbaku, walipiga miluzi, waligonga sakafu kwa viatu na kumtupia maneno msanii asiyewapendeza. Tony Pastor, mwimbaji aliyekuwa Mkatoliki, alitaka kuubadili mtindo huo. Mnamo Oktoba 1881 alifungua ukumbi katika Mtaa wa 14 mjini New York, akatangaza kwamba maonyesho yake yangefaa kwa akina mama na watoto. Hakufanya hivyo kwa ajili ya maadili peke yake. Alijua kwamba familia nzima hununua tiketi nyingi kuliko mwanamume mmoja.

Aliyeikamilisha kazi hiyo alikuwa Benjamin Franklin Keith, aliyeanzia Boston mwaka 1883, na mshirika wake Edward F. Albee. Mwaka 1885 Keith alianzisha maonyesho yasiyokatika, hata mtu aliweza kuingia saa yoyote, tangu asubuhi hadi usiku. Mke wake, Mary Catherine, Mkatoliki mwenye ibada, hakuvumilia uchafu wa maneno jukwaani. Nyuma ya pazia yalibandikwa matangazo ya kuwaonya wasanii kwamba atakayetamka tusi, hata lile jepesi la mitaani, angefukuzwa kazi. Watazamaji nao walifundishwa. Walipewa vikaratasi vya kuwaomba kwa upole wasigonge sakafu, wasipige miluzi, na akina mama wavue kofia zao pana ili walio nyuma wapate kuona. Wasanii wakaupachika mtandao wa kumbi za Keith jina la utani la “shule ya Jumapili”.

Hukumu ya watazamaji ilianza pia kuwekwa katika maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mameneja wa kumbi hizo walikuwa wakikaa kulitazama onyesho la kwanza la juma, kisha wakiandika taarifa kwa makao makuu: huyu alipigiwa makofi mengi, yule alipokelewa kwa ubaridi, maneno fulani yaondolewe. Sehemu ya taarifa hizo imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Iowa. Msanii aliyepokelewa kwa ukimya siku ya Jumatatu aliweza kuhamishiwa mwanzo wa programu, wakati watu wangali wakitafuta viti vyao, au kuwekwa mwishoni, wakati wanachukua makoti yao. Mkate wake ulitegemea mikono ya watu asiowajua.

Lakini je, hukumu ya umati ilikuwa ya haki? Hapa historia inatuwekea mbele mifano mitatu.

Wa kwanza ni ule wa dada wa familia ya Cherry, wasichana wa shambani karibu na mji wa Marion, katika jimbo la Iowa. Walianza kuonyesha michezo yao mwaka 1893. Ilikuwa michezo ya mafundisho mema, yenye nyimbo za uzalendo na maonyo dhidi ya maovu, lakini vipaji vyao vilikuwa haba. Majirani waliwapokea kwa upole. Katika miji mingine waligeuzwa mzaha. Watu walinunua tiketi ili wapate kuwazomea na kuwatupia mboga. Mnamo Novemba 1896 Oscar Hammerstein aliwapeleka katika ukumbi wake wa Olympia mjini New York, akijua wazi kwamba watu wangekuja kwa ajili ya kuwacheka. Ukumbi ulijaa. Baadaye gazeti moja la Des Moines lilichapisha maneno makali ya kuwadhihaki, hata maumbile yao, nao wakaenda mahakamani. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya Iowa iliamua kwamba anayejionyesha mbele ya umma kwa malipo hawezi kuzuia umma usimhukumu, hata kwa ukali, mradi hakuna nia ya uovu. Uamuzi huo uliimarisha uhuru wa wahakiki, na wanasheria wanaukumbuka hadi leo. Hata hivyo, sheria ilijibu swali moja tu: ni nani aruhusiwe kusema. Haikuwauliza walionunua tiketi kwa nini walifurahia unyonge wa wenzao.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1907. Ndugu wawili, James na John Russell, kwa miaka mingi walikuwa wamevaa magauni na kuigiza watumishi wa nyumbani wa Kiayalandi, wajinga na wenye kelele. Wakati huo maelfu ya wasichana wa Kiayalandi, wengi wao Wakatoliki, walifanya kazi katika nyumba za matajiri na kutuma fedha kwa wazazi wao ng’ambo. Vyama vya Waayalandi vikasema imetosha. Mjini New York watu wao waliingia ukumbini na kuwazomea ndugu hao, na huko Brooklyn mayai yalirushwa jukwaani. Ukitazama mayai na mboga peke yake, utadhani matukio haya mawili yanafanana. Sivyo. Akina Cherry walitupiwa mboga na watu waliotaka kucheka. Russell walitupiwa mayai na watu waliochoka kuchekwa. Siwasifu warusha mayai, lakini nawaelewa.

Mfano wa tatu ni wa mtu aliyepigiwa makofi. Bert Williams, Mtu Mweusi mzaliwa wa Bahamas, alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wakubwa wa zama zake, na mwaka 1910 alijiunga na onyesho maarufu la Ziegfeld mjini New York. Ili akubalike, alijipaka usoni weusi wa kizibo kilichochomwa, kama walivyofanya Wazungu waliowaigiza Weusi kwa dhihaka. Katika kumbi nyingi za nchi hiyo, Weusi wenzake walioenda kumtazama walitengwa kwenye roshani ya juu kabisa. Hivyo mtu mmoja alishangiliwa na ukumbi uleule ambao usingemruhusu kukaa kwenye viti vya chini. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1922.

Wapendwa, nadhani sasa tunaona pengo lililokuwamo katika ile “shule ya Jumapili”. Ilifaulu kuwafundisha watu kukaa kimya, kuvua kofia na kutosikia matusi. Lakini tangazo lililobandikwa nyuma ya pazia lilikataza maneno machafu, halikukataza dharau. Mchekeshaji aliweza kumaliza zamu yake bila kutamka tusi hata moja, akiwa amewadhihaki Waayalandi, Wayahudi na Weusi, na ukumbi wenye adabu ukacheka. Usafi wa ulimi si lazima uwe usafi wa moyo.

Redio na sinema ndizo zilizoiua vodevili. Mwaka 1932 ukumbi wa Palace mjini New York, uliofunguliwa mwaka 1913 na kuwa ndoto ya kila msanii, uliacha maonyesho ya jukwaani pekee na kuanza kuonyesha filamu. Mtazamaji alibaki, ila sasa msanii hamwoni tena. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika, yaani usimcheke mwenzako kwa lililompata, kwa kuwa nawe hujamaliza safari. Kila mara tunapocheka pamoja na umati, ukumbini au mbele ya simu zetu, inafaa tujiulize: je, huyu tunayemcheka anacheka nasi?