Mwitikio wa kinga

Mtoto akishachomwa sindano ya tatu ya penta, wiki ya 14, nesi anajaza kadi na nyumbani tunasema mtoto kapata kinga. Kwa mazungumzo ya kila siku inatosha. Kwa mwandishi wa sayansi, usemi huo umeruka hatua moja, nayo ndiyo inayoitwa mwitikio wa kinga.

Chanjo ya pepopunda, mojawapo ya zilizomo katika penta, haina kinga ndani yake. Ina sumu ya bakteria iliyoondolewa makali. Inapiga hodi tu; anayeitikia ni mwili, pale chembe nyeupe za damu zinapoanza kutengeneza kingamwili, protini za kuinasa sumu hiyo siku itakapoingia kweli. (Wapo wanaoandika "kingamwili" wakimaanisha mfumo mzima wa kinga. Mimi neno hilo nawaachia protini hizo peke yake, maana zinapimika.) Zikipimwa, huonekana kwamba watoto wawili waliopata dozi ileile hawakuitikia sawasawa.

Hapo ndipo kemikali zinapoingia. PFAS ni jamii ya kemikali zilizotumika kwenye vikaango visivyogandisha chakula, nguo zisizopenyeza maji na povu la kuzimia moto. Muungano wake wa kaboni na florini hauvunjiki kwa urahisi, kwa hiyo naziita kemikali sugu. Aliyewahi kusikia habari za malaria sugu hahitaji ufafanuzi. Katika Visiwa vya Faroe, ambako watu hula samaki na nyama ya nyangumi, vyakula vinavyobeba PFAS, Philippe Grandjean na wenzake walifuatilia watoto 587 waliozaliwa kati ya 1997 na 2000. Matokeo yalitoka 2012. Mtoto wa miaka 5 aliyekuwa na PFAS katika damu maradufu ya mwenzake alikutwa, akifika miaka 7, na kingamwili za pepopunda na dondakoo pungufu kwa karibu nusu. Wengine walishuka chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kumlinda mtu, na chanjo walishapata. Dawa iliyokuwa kwenye chupa haikuwa na kasoro.

Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano. Kusema "PFAS zinaua chanjo" ni kuupotosha. Wala si hoja ya kukwepa kliniki, kwani mtoto asiyechanjwa hana hata huo mwitikio dhaifu.

Kwa watoto wachanga, PFAS huingia kwa njia kuu mbili: kondo la nyuma na maziwa ya mama. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilipotafuta kikomo cha PFAS nne katika chakula, ilitumia vipimo vya watoto wa Ujerumani wa mwaka mmoja, wengi wao walionyonyeshwa. Kikomo kilichopatikana ni nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki. Kimekokotolewa kwa kile anachokula mama miaka mingi kabla hajashika mimba, ili mwanawe akichanjwa aitikie inavyotakiwa.