Alama ya Chakula cha Mboga Kwenye Pakiti: Je, Inatosha Kuwa Dalili ya Halali?



Wapo ndugu zetu wa visiwani wanaofuata ufuta, korosho na mbaazi Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Mazao hayo yakiwa ghafi hayana utata, kwani asli ya mimea ni halali maadamu haidhuru wala hailevyi. Utata huanza kwa biskuti, majarini na peremende za kiwandani zinazouzwa madukani huko na kwetu pia. Mfano mmoja ni mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa 1951, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Mpango huo ulikusudiwa kutoa mafuta ya mimea. Karanga ni halali bila shaka, lakini majarini ya mafuta ya mimea huweza kutiwa viungo vingine ambavyo asili yake si mmea.

Maana ya alama

Katika bidhaa zinazotoka India utaona mduara wa kijani ndani ya mraba wa kijani. Maana yake ni kuwa chakula hicho hakina nyama, samaki wala yai. Maziwa na asali vinaruhusiwa. Chakula chenye kitu cha mnyama hupewa alama ya kahawia, ambayo kwa kanuni za mwaka 2020 ni pembetatu ndani ya mraba. Kimataifa, shirika la ISO lilitoa mwaka 2021 kiwango namba 23662 kinachoeleza vyakula vinavyowafaa wasiokula nyama.

Yapasa kufahamu mambo mawili:

1. Alama ya kahawia haimaanishi haramu. Biskuti yenye yai la kuku huwekewa alama hiyo, na yai la kuku ni halali kwetu. Samaki vilevile, kwani Allaah Ametuhalalishia vya baharini katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 96.

2. Alama ya kijani haimaanishi halali moja kwa moja. Inazungumzia mnyama tu, haizungumzii kilevi. Vionjo kama vanila mara nyingi huyeyushwa katika alkoholi, na alkoholi haitokani na mnyama.

Maneno ya kusoma kwenye orodha ya viambato

- "Lard" ni mafuta ya nguruwe. Kiwango cha Codex cha lebo za vyakula kinataka mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe yatajwe kwa jina lake, yasifichwe chini ya neno la jumla.
- "Gelatin" hutolewa kwenye ngozi na mifupa, ya nguruwe au ya ng'ombe. Hata ikiwa ya ng'ombe, itabaki suala la kuchinjwa kisharia.
- E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu.
- E471 huweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama. Hapa ndipo alama ya kijani inapokusaidia.
- E322 ni lesithini, mara nyingi ya soya.

Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, najisi haitohariki kwa kugeuzwa kiwandani, isipokuwa vichache kama mvinyo unaogeuka siki wenyewe na ngozi iliyodibaghiwa. Wapo 'Ulamaa wengine, wakiwemo wa Kihanafi, wanaoona kuwa kitu kikigeuka kabisa hukumu yake nayo hugeuka. Kujiepusha ndiko salama zaidi.

Nani anasimamia

Tanzania Bara, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Kwa hiyo duka la Ruangwa au Nachingwea liko chini yake. Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Lakini hukumu ya halali si kazi ya vyombo hivyo. Miongozo ya Codex ya mwaka 1979 inaruhusu kuandika "Halal" iwapo chakula kinakubaliana na masharti ya mamlaka ya dini husika. Bara, BAKWATA hutoa vyeti vya halali. Basi nembo ya "Halal" isiyotaja aliyeithibitisha inahitaji kuulizwa.

Muhtasari wa hukumu

Kilichoandikwa kitu cha haramu kiachwe. Chenye alama ya kijani na orodha isiyo na kilevi, asli yake ni halali. Chenye kiambato kisichojulikana asili yake, muulize muuzaji au mtengenezaji. Ukibaki na shaka, kuacha ni usalama wa Dini na heshima yako, kama ilivyokuja katika Hadiyth ya An-Nu'maan bin Bashiyr (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuhusu mambo yenye kutatiza.

Wala tusikimbilie kumwambia jirani kuwa amelisha watoto wake haramu kwa sababu ya rangi ya alama. Suratun-Nahl, Aayah ya 116, inakataza kuhalalisha na kuharamisha kwa ndimi tu bila ya elimu.

Wa Allaahu A'lam.