SAKAFU YA MBAO IMEFUBAA? PIMA KWANZA, MSASA BAADAYE

Leo tuongelee sakafu za mbao, zile za mninga, mvule au mkongo kwenye nyumba za zamani. Hizi ni mbao ngumu, zinaweza kumzidi umri aliyezipigilia. Zikifubaa, mara nyingi mbao yenyewe haina neno, kilichochoka ni kile kilichopakwa juu. Fundi akikimbilia mashine ya msasa, anakula mbao yako bure. Kila msasa unapunguza unene, na unene haurudi!

KIPIMO
Dondosha tone la maji pale panapokanyagwa sana, subiri dakika 10.
1. Likiacha alama nyeupe: imepakwa nta.
2. Likibaki juu bila alama: vanishi bado ipo.
3. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi: hakuna kinga tena.

TIBA
Nta: futa ile ya zamani kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Ikikauka, paka nta mpya nyembamba, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Usipake vanishi juu ya nta, haishiki, itabanduka tu.

Vanishi iliyochoka: safisha, pitisha msasa laini namba 220 kwa mkono, futa vumbi lote, paka vanishi nyembamba. Muda wa kukauka fuata maelezo ya kopo.

Mbao tupu: hapa ndipo msasa mkali una kazi. Anza namba 80, malizia 120, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Halafu vanishi mikono 3.

ANGALIA USALAMA
Vaa barakoa. Vumbi la mninga na mvule linawasha pua na kifua, na vumbi la mbao likivutwa miaka mingi linaweza kuleta saratani ya pua. Tapentaini inashika moto, kwa hiyo fungua madirisha, zima jiko na sigara. Ukitumia mafuta ya kitani, usirundike matambara yake, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

Mwisho, deki ya maji mengi ndiyo adui namba moja. Maji yakiingia kwenye maungio, mbao inavimba na kuinuka. Fagia mchanga kila siku, kitambaa kikamue sawasawa.

Mwenye swali au ujuzi zaidi atupie hapo chini.