Upokezanaji wa data

Upokezanaji (nomino, ngeli ya U) ni tendo la nodi za mtandao wa pasiwaya kupitisha data kutoka moja hadi nyingine mpaka ifike kwenye nodi lengwa iliyo mbali na chanzo. Mtandao wa namna hiyo huitwa wa miruko mingi, kila hatua baina ya nodi mbili ikihesabiwa mruko mmoja. Penye uwazi, umbali ukiongezeka mara 2, nguvu ya ishara inayopokewa hubaki robo. Ndiyo maana miruko mifupi huweza kugharimu nishati ndogo kuliko mmoja mrefu.

Neno linatokana na *pokea*, *pokeza*, *pokezana*, na wengi wanalijua kutokana na mbio za kupokezana vijiti. Kiambishi *-an-* huwapotosha wanafunzi. Hapa hakimaanishi kwamba A humpa B, naye B akamrudishia A; tendo hupita kwa mfuatano, kama katika *fuatana*. Hata mfano wa kijiti una mpaka wake: kijiti kikishatoka mkononi kimetoka, ilhali nodi hutuma nakala, na mawimbi ya redio huenea pande zote.

Hapo ndipo ulipo upokezanaji wa ushirikiano. Nodi lengwa husikia ishara hafifu ya chanzo, kisha ile ya nodi ya kati, ikaziunganisha; mithili ya mtu wa ng'ambo ya bonde aliyesikia nusu ya mwito, akakamilishiwa na aliye katikati. Nodi ya kati ama huikuza ishara pamoja na kelele zake, ama huisimbua kwanza na kuisimba upya. Nadharia yake ilianza kwa Edward van der Meulen mwaka 1971, ikaimarishwa na Thomas Cover na Abbas El Gamal mwaka 1979.

Wafasiri wajihadhari na mambo mawili. *Kipokezi* ni chombo cha kupokea tu. Ukikiita hivyo kifaa cha kati, msomaji ataelewa kwamba data imefika mwisho wa safari. Tafsiri *upokezanaji wa ushirika* nayo, japo ni ya kisarufi, humpeleka msomaji kwenye chama cha wakulima wa kahawa.

*Mfano:* Simu ya kati ilipoishiwa chaji, upokezanaji ulikatika na ujumbe haukufika.